Mkia wa Sange katika Nyumba ya Jani

Hapo kale ya kale, siku ya Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa Machi, mwaka ambao haukuwa na mtu wa kuupa namba, Bwana Ndovu bin Tambo bin Jabali aliajiriwa kuwa mpishi mkuu wa sukari katika Nyumba ya Jani. Wasomi wa leo huwaita wafanyakazi wa jani vimeng'enya. Ninyi, wanangu, mwiteni Ndovu. Na mjue kwamba siku hizo Ndovu hakuwa na mkia.

Mwenzake jikoni alikuwa Sokwe, mwenye mikono minene kama magogo. Ndovu alivuta hewa kwa mkonga, vuuu! akaimimina chunguni. Sokwe akasonga kwa mwiko. Jua lilipenya paa la kijani likawa moto wao. Sukari ilipoiva iliteremshwa chini mizizini, alikoishi Bi Fuko na watoto wake saba.

Taabu ilikuwa moja tu: wazee hawa hawakujua kuacha. Wingu lilipofunika Jua na moto ukazimika, wao walichota sukari ghalani wakaitia jikoni iwe kuni. Wakapika sukari kwa sukari! Walichoma vibumba kumi vya sukari, wakapata vitatu.

Tarehe ishirini na mbili ya mwezi uleule masika yakaingia. Ilipofika tarehe ishirini na saba, watoto wa Bi Fuko hawakuwa tena na nguvu hata ya kulia. Mama yao akapanda juu.

"Hodi, kaka Ndovu! Wanangu wana siku mbili hawajalamba kitu. Nakusihi, Jua likijificha, pumzika."

"Nipumzike?" Ndovu akanguruma. "Mimi, mjukuu wa Jabali? Watu watasema nini?"

"Watasema mvivu!" Sokwe akadakia. "Songa, mzee, songa!"

Bi Fuko akashuka akilia. Ngazini akakutana na Sange, mfagizi wa nyumba, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe. Mkia huo ulikuwa na tabia yake: kivulini ulikaza ndi! na juani ulilegea tepetepe.

"Futa machozi, dada," Sange akasema. "Wakubwa hawaambiwi. Wakubwa hupimwa."

Akaingia jikoni kwa heshima zote.

"Shikamooni, wazee wangu. Wingu likija, naomba mshike mkia wangu, mmoja huku na mmoja huku, mpaka lipite."

Wakaangua kicheko, kwa! kwa! kwa!

"Tushike mkia?" Ndovu akauliza. "Tangu lini Ndovu akashika mkia? Shuleni kwetu nilikuwa wa kwanza!"

"Na mimi wa pili," akasema Sokwe.

"Mlikuwa wangapi darasani, wazee?"

"Wawili," Sokwe akajibu, kisha akajuta.

Sange hakucheka. Alikohoa kidogo, kh! kh!

"Basi tuyaache hayo. Nimekuja kwa jambo lingine. Heshima yenu imeenea, na mimi nimeazimia kuwashonea kanzu. Ila nasikia mgongo wa mzee Sokwe umepinda kama ungo, sijui kanzu itamkaa vipi."

"Mgongo wangu? Nipime sasa hivi!"

"Nipime mimi kwanza!" Ndovu akafoka. "Mpishi mkuu ni nani?"

"Msigombane, wazee wangu. Simameni mgongo kwa mgongo, niwapime kwa pamoja. Futi ya fundi ni hii hapa."

Akautandaza mkia. Wazee wakasimama mgongo kwa mgongo, vifua mbele. Sange akazunguka mbio, chwi! chwi! chwi! mara kifuani, mara tumboni, mara magotini.

"Ee mzee, kifua hiki! Kitambaa kitatosha kweli?"

"Agiza jora zima," akasema Ndovu, macho ameyafumba kwa raha.

Wakati huohuo wingu likatanda. Mkia ukakaza ndi!

"Fundi, unabana!"

"Mzee, usinisukume!"

"Unanisukuma wewe!"

Wakavuta huku, wakavuta kule. Wapi! Jikoni kukawa kimya, jii! Chungu kikapoa, na ghalani hakuna aliyegusa hata kibumba kimoja. Bi Fuko akabeba sukari iliyosalia, akawalambisha wanawe mmoja mmoja.

"Umetuhadaa!" Ndovu akalia. "Tulikwambia hatushiki mkia!"

"Hamkushika, mzee wangu. Mkia ndio umewashika ninyi."

Wingu likapita, Jua likaangaza paani. Mkia ukalegea tepetepe. Ndovu akainua mguu kumkanyaga Sange, lakini kutoka chini akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa siku nyingi: watoto saba wakicheka. Akaurudisha mguu chini polepole.

"Kumbe walikuwa na njaa kiasi hicho," akasema.

Tangu hapo wingu likija wazee walijipanga wenyewe mgongo kwa mgongo, Sange awafunge. Lakini mti ulikua, majani yakawa elfu na elfu, na wazee wakawa na jiko katika kila jani, kila jiko likitaka mfungaji. Sange akakimbia hadi akahema, heh! heh!

"Bwana mdogo, utakufa," Ndovu akamwambia. "Nikatie ncha ya mkia wako, unishonee nyuma. Wingu likija nitajifunga mwenyewe."

"Itauma, mzee."

"Njaa ya mtoto inauma zaidi. Kata."

Sange akajikata ncha, akaishona kwa uzi wa ukindu. "Aa! Taratibu, fundi!" Na mkia huo, wanangu, Ndovu anao hadi leo: wingu likija unajikunja naye hutulia, Jua likitoka unajikunjua naye huanza kazi.

Mwenye nguvu kweli ni yule ajuaye wakati wa kuacha.

Nimesikia msimulizi mwenzangu, Bwana Makame Haji Fundikira, akiwasimulia watoto kwamba Ndovu aliuiba mkia wote, na Sange akabaki bila kitu. Si kweli. Ndovu aliomba, akapewa ncha tu. Sange angali na mkia wake, na angali anamfunga Sokwe, ambaye alikataa kushonwa kwa kuogopa sindano.