Kongoni na Wageni wa Kusindikizwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mguu, ukateguka!

Basi tulieni, kunjeni miguu yenu mizima, mnisikilize.

Hapo zamani za kale, Kongoni alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, aliyechumbiwa ng'ambo ya mto. Mila ya kongoni ilikuwa hivi: baba humsindikiza bibi harusi kwa miguu yake mwenyewe mpaka mtoni. Baba asipofika, harusi hakuna.

Ilipobaki nusu mwezi, Kongoni akaruka kichuguu kwa furaha. Akatua vibaya. Kifundo cha mguu kikateguka, kikavimba kama boga.

Akaitwa Bi Kobe, mchuaji. Akakitazama, asikiguse.

"Leo hakichuliwi, kina moto. Kifunge kitambaa cha maji baridi, mguu uweke juu ya gogo, ukae. Usiukanyage mpaka nikwambie."

"Nitakaa, Bi Kobe."

Atakaa wapi? Kwa Kongoni, mgeni hakuondoka bila kusindikizwa!

Siku ya kwanza akaja Ngiri kumpa pole. Akala, akashiba, akaaga. Kongoni akainuka.

"Kaa, mgonjwa!"

"Ah! Nikuache uende peke yako kama mwizi?" Akamsindikiza mpaka kwenye mgunga. Akarudi akichechemea.

Siku ya pili akaja Pundamilia. Akala, akashiba, akaaga. Kongoni akamsindikiza mpaka korongoni. Akarudi kwa miguu mitatu.

Siku ya tatu akaja Twiga. Jamani, Twiga na hatua zile! Kongoni akamsindikiza mpaka mlimani. Akarudi akijiburuta kwa tumbo.

Sikudhani akalia. "Baba, hao wote umewasindikiza. Mimi utanisindikiza kwa mguu gani?"

Kongoni akaona aibu mpaka masikio yakamlala.

Bi Kobe akaitwa tena. "Nani amekwambia utembee?"

"Adabu, Bi Kobe."

"Adabu ndiyo iliyovimba hapo?"

Bi Kobe akajilaza mlangoni, gamba limeziba njia. Mgeni akija, anajikwaa, anatoa pole kutoka nje, anakwenda zake. Siku saba hivyo hivyo. Uvimbe ukanywea. Ndipo akauchua mguu taratibu kwa mafuta ya nyonyo.

"Sasa nisindikize mimi," akasema.

Siku ya kwanza, mwendo wa kobe, mpaka jikoni. Siku ya pili, mwendo wa kobe, mpaka kwenye mgunga. Siku ya tatu, mwendo wa kobe, mpaka korongoni. Kongoni alitamani kukimbia, akauma meno.

Siku ya harusi ikafika. Kongoni akatoka na binti yake, hatua kwa hatua. Wakwe waliokuja kumchukua bibi harusi wakanung'unika, "Tutafika leo kweli?" Kongoni akashika mwendo wake wa kobe. Akafika mtoni kwa miguu yote minne, akamkabidhi Sikudhani, akalia kwa furaha hadharani. Binti naye akalia.

Wakwe wakavuka, wakageuka. "Mkwe, tusindikize basi mpaka nyumbani!"

Kongoni akakaa kitako juu ya jiwe, akaunyoosha mguu. "Nendeni salama. Njia mnaijua."

Basi, wenzangu, hadithi hii inatufunza kwamba aliyeumia akae kwanza apone, na akipona aanze polepole. Wageni wataelewa, na wasipoelewa, shauri yao.

Hadithi yangu imechoka, imekaa chini. Nami siinuki. Njia ya kwenu mnaijua!