Mfalme Aliyekataa Kivuli

Isome taratibu hii, kisha mrushie na mwenzako.

Mfalme Ngole alikuwa na kovu la moto lililotanda shavu zima la kushoto. Alilipata ujanani, siku soko lilipoungua naye akajitosa ndani kuwaokoa watu. Lakini alipovaa taji, kovu likaanza kumtia haya.

Soko jipya lilipokamilika, akamwita Mwanakombo, mchoraji aliyesifika nchi nzima, amchoree picha ya kutundikwa langoni. Mwanakombo akamketisha kando ya dirisha, mwanga umpige upande mmoja. Kila mkunjo wa uso ukaonekana, na kovu pia.

Mfalme alipoiona akanuna. Akaamuru taa ziwashwe pande zote, achorwe upya pasipo kivuli hata chembe.

“Kivuli kikiondoka, Mtukufu, uso nao utaondoka,” akasema Mwanakombo.

“Hapa mwenye amri ni mimi.”

“Amri yako ni kwa watu. Mwanga hauamriwi. Sibadilishi kitu.”

Akafukuzwa mjini, picha aliyoichora ikageuzwa iuelekee ukuta wa barazani. Mchoraji mwingine akachora uso laini, unaong’aa kama sinia, nao ukatundikwa langoni.

Mfalme akavaa nguo za kawaida, akaenda sokoni kusikia sifa zake. Watu walipita bila hata kuinua macho. Akamuuliza mama mmoja muuza vitunguu kama anamjua aliye pichani.

Mama akaitazama picha, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia muulizaji, jua la asubuhi likimpiga shavuni.

“Huyo simjui, baba. Wewe nakujua. Ulinibeba mgongoni kwenye moshi, siku ulipopata kovu hilo.”

Mfalme akarudi na kutuma watu wamlete Mwanakombo.

Alipofika, mawaziri wakamtaka apige magoti kwanza na kuomba radhi, ili heshima ya kiti isishuke. Mwanakombo akabaki wima.

“Nilifukuzwa kwa kusema kweli,” akasema. “Sitarudishwa kwa kusema uongo.”

Walinzi wakamtazama mfalme, wakingoja neno moja tu.

Ngole akashuka kitini, akaenda hadi ukutani, na kwa mikono yake mwenyewe akaigeuza picha ya kwanza, kovu likaonekana na wote.

Funzo: Mwanga unaokufichia kasoro hukuficha na wewe mwenyewe. Na ukiwa umesema kweli, usiiombee radhi, hata mbele ya taji.