Mbeleje na Wimbo Ulioibwa

Zamani, wajukuu zangu, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliiita zamani, katika nchi ya Isalanda palikuwa na wapigaji watatu. Mazoya alipiga zeze na kuimba. Sakalani alipiga marimba. Na ngoma, ngoma ilikuwa ya Mbeleje, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Walipiga kwenye mavuno, walipiga kwenye harusi, wakapiga hata watu wakasahau njaa. Miaka kumi! Hesabuni vidole vyenu vyote.

Siku moja asubuhi akaja mjumbe wa mtemi, akanong'ona na Mazoya kando ya zizi. Mazoya akarudi anafunga mzigo.

"Mtemi ameniita," akasema.

"Ametuita," Mbeleje akamsahihisha.

"Ameniita, dada. Mimi."

Akaenda. Hakugeuka. Mbeleje akasimama pale na ngoma yake, akamtazama hata akapotea njiani.

Msimwonee huruma bado, hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja wakati wa mavuno, wapita njia waliposema, "Mazoya ana wimbo mpya kwa mtemi. Walevi wanaupenda! Ule wa Nyendo, Nyendo."

Mnamjua Nyendo? Nyendo alikuwa mtoto wa Mbeleje. Alikufa kwa homa, hajaota hata meno ya pili. Wimbo ule mama yake aliutunga kaburini, udongo ungali mikononi. Uliimbwa mara moja kwa mwaka, watu wameinamisha vichwa.

Mbeleje akatembea siku mbili. Akatembea, akatembea, hasira ndiyo iliyombeba. Alipofika barazani kwa mtemi, jua la utosi, akamkuta Mazoya anakatika kiuno, "Nyendo, Nyendo," na walevi wanapiga makofi, pombe inawamwagikia vifuani.

"Nyamaza!" Mbeleje akapaza sauti. "Huyo ni mwanangu! Mazoya, ulilichimba lile kaburi pamoja nasi. Leo unalichezea?"

Mazoya akatazama chini. Mtemi akacheka. "Mama, wimbo ni wa anayeuimba. Mpeni kibuyu anywe, hasira imshuke."

Akapewa kibuyu. Akakimwaga pale pale, miguuni pa mtemi, akaondoka. Naam! Walinzi walipigwa na butwaa, hakuna aliyemgusa.

Nyumbani akamwambia Sakalani, "Tuanze upya, sisi wawili."

Sakalani akakuna kichwa. "Samehe, dada. Yameisha. Mimi narudi kwa ng'ombe wangu."

"Hayajaisha. Yamekuishia wewe."

Basi akabaki peke yake. Ngoma akaitundika, hakuitazama. Akashika mchi. Akatwanga uwele asubuhi, akatwanga mchana, tu! tu! tu! hata jirani yake Matika, mjane, akatoka nje.

"Mbeleje, huo si unga tena, ni vumbi. Unamtwanga nani?"

"Namtwanga Mazoya."

Matika akaenda kuchukua mchi wake. Shemeji yake alikuwa amemnyang'anya shamba mume alipokufa. Akasema, "Nisogezee kinu. Na mimi ninaye wangu."

Wakatwanga wawili. Kesho yake watatu. Mwezi ulipoandama wakawa saba, kila mmoja na wake wa kumtwanga. Mbeleje akasikia mapigo yao yanapishana vibaya, akakasirika, akawafundisha. Alikuwa mkali, wanangu! "Si hivyo! Rudia!" Akaishusha ngoma, wakachonga nyingine sita. Nyimbo za zamani hakuzigusa. Wakatunga mpya, na ndani yake waliwataja waliowadhulumu kwa majina, mchana kweupe, shemeji wa Matika akisikia. Yule bwana alilirudisha shamba kabla mvua hazijanyesha.

Sifa zikaenea. Mjumbe akaja tena. "Mbeleje, mtemi anakuita. Uje peke yako."

"Kamwambie tuko saba. Akitaka mmoja, ajipigie mwenyewe."

Mwaka uliofuata mtemi alimchoka Mazoya, akamfukuza. Mazoya akaja mlangoni kwa Mbeleje, amekonda, zeze mgongoni.

"Dada, nilikosa. Nipokee nipige nanyi."

Mbeleje akamletea maji. Akamletea ugali na mlenda, akamngoja ale ashibe.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, dada."

"Maji utayapata hapa siku zote, na chakula. Kwenye ngoma usikanyage. Na jina la mwanangu lisitoke tena kinywani mwako."

Mnanuna? Mlitaka wakumbatiane? Hata mimi nilinuna nilipokuwa kama ninyi. Sasa nawaambia: wenzio wakikuacha, usiione aibu hasira yako. Lakini usikae nayo mikono mitupu, itakula wewe kwanza. Ipe kazi. Itafutie wenzake.

Kisa nimekitua hapo. Aliyekisikia akichukue, aliyelala ataulizia njiani.