Mtoto Mmoja wa Mtasema

Sogezeni viti. Hadithi yangu haina sungura mjanja wala fisi mlafi, na anayetaka kucheka aende kwa jirani. Mimi nataka hukumu yenu mwishoni, basi.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Gwakisa alijaliwa mdomo usioona haya kuuliza. Hata msibani angeuliza marehemu alikula nini. Hobokela, daktari wa mbwa na paka huko mjini, alijaliwa mkono usiotetemeka. Suma, aliyekuwa akiwakanda wanawake waliotoka kujifungua, alijaliwa vidole vinavyotofautisha msuli uliolala na msuli uliokufa.

Kilichowakutanisha ni mbwa jike wa Bibi Tusekile. Bibi huyu ni mjane, na masikio yake yaliziba zamani, hata ukitaka kusema naye lazima aione midomo yako. Mbwa ndiye aliyemsikilizia dunia. Mgeni akibisha hodi, anamvuta kanga. Sufuria ikifurika jikoni, anamvuta kanga. Majirani walimcheka kwa kulea mbwa kama mjukuu, naye akampa mbwa jina la kuwajibu: Mtasema.

Siku moja Mtasema akagongwa na pikipiki, tena ana mimba. Miguu ya nyuma ikafa ganzi, akawa anajiburuta. Bwana mifugo wa kijiji alikuja, akakiri kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe, mbwa huwachanja tu wasipate kichaa. Akashauri achomwe sindano afe bila maumivu. Bibi akaisoma midomo yake, akalia pale pale mbele ya watu.

Sasa sikilizeni mila ya huko milimani, maana ndiyo iliyoleta balaa. Anayekusaidia kumponya mnyama wako hapewi fedha. Unaweka mkono juu ya mgongo wa mnyama, unamwahidi mzao mmoja, na ahadi hiyo haivunjwi hata mbingu ianguke. Kila Bibi alipomwomba mtu msaada, aliweka mkono na kuahidi, kila mmoja kwa wakati wake. Mbwa huzaa wengi, alijisemea, hakosi kubaki mmoja wa kwangu.

Wa kwanza kuahidiwa ni Gwakisa. Aliuliza sokoni, akauliza kanisani, akaelekezwa kwa waganga wa kuku na wauza dawa za kupe. Wakati huo wenzake walikuwa wanapanda viazi, mvua imekaa vizuri, na shamba lake likabaki magugu matupu. Mwishowe muuza samaki mmoja mwenye paka akamtajia daktari wa mjini. Gwakisa akambeba Mtasema mgongoni kwa shuka mpaka barabarani, Bibi akimfuata nyuma.

Hobokela alimpapasa mbwa, akaeleza kwamba pingili ya mgongo imeteguka na kubana mishipa. Mwenye kliniki akakataa apasuliwe: ana mimba, akifa mezani wao ndio watakaosemwa. Hobokela akaahidiwa mtoto wake, akangoja siku ya mapumziko, akampasua bila ruhusa. Mtasema akazinduka, watoto wakichezacheza tumboni. Daktari akamgeukia Bibi aone midomo yake vizuri, akamwambia, "Njia nimeifungua. Kutembea sikuahidi." Kazini wakamwambia asirudi tena.

Kweli, nyumbani miguu ilikuwa baridi vile vile. Bibi akamwendea Suma. Suma alisita sana, maana alijua watu wa kijiji chake. Kisha akachemsha maji, akamkanda asubuhi na jioni, akiikunja na kuikunjua ile miguu, mpaka Mtasema aliposimama, akayumba, akamfuata Bibi jikoni. Habari zikaenea. Wanawake wakasema mikono iliyokanda mbwa haitagusa vitoto vyao, na Suma hakuitwa tena na mtu.

Mtasema alizaa wanne. Watatu walitoka wamekufa, na mama mwenyewe akatokwa damu isiyozuilika. Watu wetu wote watatu walikuwapo, na hakuna aliyeweza kitu. Alikufa kichwa kikiwa mapajani mwa Bibi.

Walipokwisha kumzika, Gwakisa akasema, "Nisingeuliza mimi, angechomwa sindano. Shamba langu mmeliona."

"Bila kisu changu angefika mjini na kurudi kama alivyokwenda," akasema Hobokela. "Kazi sina. Nipeni kitu kimoja cha kunionyesha kwamba sikukosea."

Suma naye akasema, "Uti ulinyooka, lakini miguu ilikuwa maiti. Siku hizi kwangu habishi hodi mtu. Huyo mtoto ndiye mgeni pekee nitakayempata."

Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi. Kama mmoja angekuwa tapeli, ningelala vizuri. Akatokea mwenye akili zake akapendekeza wamfuge kwa zamu, nikamwambia anyamaze. Mbwa wa zamu hajui mlango wa kwao. Bibi hakudai kitu. Aliweka mkono mara tatu, na anaijua mila kuliko sisi. Alisema tu, "Mimi nilijihesabia wa nne."

Yangu nimemaliza. Ahadi ni tatu, mtoto ni mmoja, na mwenye shida kuliko wote ndiye aliyejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Je, wewe ungempa nani? Fikiri, lakini usikawie, maana yule mtoto hajala tangu asubuhi. Analia, na Bibi Tusekile amekaa hapo hapo ubavuni pake, amempa mgongo, hasikii.