Siku Namkunda Alipoikalia Mikono Yake

Tonge la kujitwalia halikabi. Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi kinywani mwa yule seremala kijana, alipoikataa karakana ya mjomba wake ili aanze na randa yake moja, nanyi mkataka kujua usemi huo umetoka wapi. Wako watakaowaambia kwamba ulitoka kwa mfalme. Methali nyingi hupewa wafalme, kwa kuwa wafalme waliokufa hawakanushi. Hii ilitoka kwa mtoto ambaye hakuwa amejua kusema, na kwa mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kutotaka isemwe. Habari yake ni hii.

Zamani, kabla barabara ya magari haijapanda milima ya Upare, palikuwa na ukoo ulioishi kwenye mteremko wa migomba, kando ya mfereji. Katika ukoo huo mtoto hakuanza kula kwa sababu tu alikuwa na njaa. Alianza siku alipoweza kuketi bila kuegemezwa, mbele ya wazee, na chakula cha kwanza kiliingia kinywani mwake kwa mkono wa ukoo. Mkono huo ulikuwa wa Namkunda.

Namkunda alikuwa mjane mrefu mwenye kiganja kipana. Alimlaza mtoto mapajani, akakikunja kiganja cha kulia kikawa kama kata, akakibandika kwenye mdomo mdogo na kumimina humo uji wa ndizi, huku vidole vya kushoto vikibinya mashavu. Mtoto alimeza, kwa kuwa hakuachiwa jambo jingine la kufanya. Namkunda aliuita huo ustadi, na hakuna aliyembishia. Wanaume wenye ndevu walimwamkia njiani kwa ile adabu ya mtu aliyewahi kubinywa mashavu.

Desturi hiyo ilikuwa na upande wake mkali. Mtoto aliyekitema chakula cha mkono wa ukoo, kisha akakitema tena mwezi ulipoandama, alihesabiwa kuwa ana mama mwenye maziwa ya wivu, yaani maziwa yasiyokubali kushirikiana na chakula. Hakuna aliyewahi kuyaona maziwa yakifanya wivu, lakini hukumu yake ilijulikana na wote: mtoto alipelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya bonde, akalelewa huko kwa maziwa ya mbuzi hadi atakapomaliza kuota meno. Namkunda alikuwa ameisimamia hukumu hiyo katika nyumba za watu, kisha akarudi kwake akalala usingizi mzuri.

Ndipo akazaliwa Mbonea, binti wa kwanza wa mwanawe Kiondo na mkewe, Nakijwa.

Siku ya Mbonea ilipofika, uji wote uliishia kifuani mwa bibi yake. Namkunda alibinya, mtoto akageuza shingo, akapaliwa, akalia mpaka sauti ikakauka. Wazee walitazama chini kwa heshima, na heshima hiyo ilimuuma Namkunda kuliko ambavyo kicheko kingemuuma. Aliufuta uji kwenye nguo yake, akasema kwamba mtoto ana usingizi. Mtoto hakuwa na usingizi, naye alijua.

Katika siku zilizofuata alimchunguza mkwewe kwa jicho la pembeni. Nakijwa alikuwa akikonda kwa hofu, ilhali Mbonea alikuwa akinenepa. Namkunda aliyaona yote mawili, lakini hakuyaweka pamoja. Mtu mwenye sifa hana wepesi wa kuona jambo linalomwondolea sifa.

Mwezi ukaandama. Wazee wakaketi uani juu ya ngozi za ng'ombe, wakawekewa chano cha mti chenye ndizi zilizochemshwa, laini, zilizopasuliwa kwa urefu. Kando yake pakawekwa bakuli la uji wa mtoto. Nasemba, binti wa Namkunda na shangazi wa Mbonea, alikuwa amevuka bonde tangu alfajiri. Hakuwa na mtoto wake mwenyewe, na begani alikuwa na mbeleko mpya.

"Umekuja na mbeleko, wifi," Nakijwa alisema.

"Nimekuja nayo tu. Haina uzito."

"Anayekwenda kwa jirani na kikapu hakwenda kusalimia."

"Kikapu hakimfuati mwenye chakula kilichokaa chunguni, wifi. Humfuata mwenye kukimwaga."

"Nyamazeni," Namkunda alisema. "Mtoto anawasikia."

Akamlaza Mbonea mapajani. Alijua, kabla kiganja hakijafika, kwamba mambo yatakuwa yale yale, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani mkono huo uwe wa mtu mwingine. Hukumu ambayo aliwapa wengine bila kukosa usingizi ilikuwa sasa imelala mapajani pake, ina joto, inamtazama. Akamimina. Mbonea akautema uji, akafumba kinywa kama mtu aliyekwisha kutoa kauli yake ya mwisho.

Mzee Mmbaga, ndugu wa marehemu mume wa Namkunda na kiongozi wa ukoo, akakohoa kidogo. "Shemeji," alisema, "mwezi umeandama."

"Nimeuona."

Namkunda akamketisha mtoto juu ya ngozi, kando ya chano. Wazee wakaanza kujadili ni mbuzi yupi atakayekwenda pamoja na mtoto, na mjadala ukawa mrefu, kwa kuwa kila mmoja alimpendekeza mbuzi wa mwenzake. Kiondo alisimama mlangoni. Nasemba alikuwa ameishusha mbeleko begani, akiikunjua.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Mbonea, ila mama yake, na baadaye Namkunda.

Mtoto aliinama, akakishika kipande cha ndizi kwenye chano. Alikikaza kwenye ngumi, ncha yake ikachomoza juu. Safari ya kwanza ndizi ilifika shavuni; safari ya pili ilifika puani. Hakuonekana kukata tamaa wala kuona haya. Ya tatu ikaingia kinywani, naye akaimung'unya kwa fizi, polepole, akitazama mbele kama mzee aliyemo barazani. Kisha akakohoa. Macho yakamjaa machozi, ulimi ukatoka nje.

"Anakabwa," Nasemba alisema, naye alikwisha kuinuka.

Mkono wa Namkunda ulikuwa umefika nusu ya njia. Nakijwa aliukamata kifundoni, jambo ambalo hakuna mke wa mwana aliyewahi kumfanyia mama mkwe wake katika uwanja ule.

"Mama, nisamehe. Msikilize kwanza."

Namkunda akasikiliza. Mtoto alikuwa akikohoa kwa sauti. Katika miaka yake yote ya kulisha alikuwa ameyajua yote mawili: mtoto aliyezibwa koo hana sauti, na anayekohoa bado njia yake i wazi. Elimu hiyo aliipata kutokana na hofu zilizoletwa na kiganja chake mwenyewe, na hakuwa amewahi kumwambia mtu. Mkono ulikuwa bado unataka kwenda. Basi akaitia mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia, jicho likiwa juu ya mtoto.

Mbonea alikirudisha kipande kwa ulimi hadi mdomoni. Akakitoa, akakitazama kama kadhi anavyomtazama shahidi asiyeaminika, akakirudisha ndani. Alitafuna. Akameza. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kingine.

"Amekula," Mzee Mmbaga alisema. "Na hicho anachokichukua ni changu."

Nakijwa alikuwa bado ameshika kifundo cha mkono ambao sasa haukuonekana. Akakiachia. "Si mara yake ya kwanza, Mama. Niketipo naye nikila, hunipokonya. Nikaona ananipokonya kidogo kidogo, na anachokitwaa hakitemi. Nikamwacha. Niliogopa kusema."

"Kwa hiyo alikula kabla ya mkono wa ukoo," Nasemba alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeona mlango unafungwa na kuweka mguu. "Huo ni mwiko mkubwa kuliko kutema. Mama, waambie. Wewe ndiye mwenye mkono."

Macho yote yakamgeukia Namkunda. Angeweza kusema ndiyo. Mwiko ulikuwa kweli umevunjwa, sifa ya kiganja chake ingebaki bila doa, na binti yake mwenyewe angerudi nyumbani na mtoto. Nakijwa alisogea, akamwekea mtoto mkono mgongoni.

"Mmbaga," Namkunda alisema, "desturi inataka mkono wa nani?"

"Wa ukoo. Yaani wako."

"Wahenga walipotuachia desturi walisema wa ukoo. Kwamba ni wangu mliongeza ninyi, nami nikapendezwa."

"Ni kweli," mzee alisema.

Namkunda akatoa mkono mmoja chini ya paja, akauinua mkono wa Mbonea, umejaa ndizi mpaka kwenye kiwiko. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kwa nje, kama vidole gumba vya wazee wote waliokuwa wameketi pale. "Na huu ni wa ukoo gani?"

Mzee Mmbaga akautazama, kisha akakitazama kidole chake mwenyewe. "Ni wetu."

"Basi ukoo umemlisha."

"Na kama angekabwa?" Nasemba aliuliza.

"Niliowalisha mimi wamepaliwa wengi, mwanangu, nasi tukaita kula. Huyu amekitwaa mwenyewe, amekipima mwenyewe, kilipomzidi amekirudisha mwenyewe. Tonge la kujitwalia halikabi."

Nasemba akaikunja mbeleko, akakaa nayo magotini, maana hakujua aende nayo wapi. Mbonea alimnyooshea kipande kilichokwisha kutafunwa upande mmoja. Nasemba alikitazama, kisha akafungua kinywa.

Tangu hapo Namkunda alipoitwa kwenye siku ya mtoto, alimketisha mtoto karibu na chano cha vitu laini, akaikalia mikono yake, na hakuyaondoa macho hadi mtoto aliposhiba. Wengi walijifunza kuweka chano. Wachache walijifunza kukaa pale. Majivuno hayakumpungua hata kidogo, ila aliyahamisha: watu wasiomjua waliambiwa njiani, kabla ya salamu, kwamba yule anayejilisha ni mjukuu wake.

Siku hizi wako wanaoisema methali hii kutetea walichokwapua. Hao hawajui chano kilivyowekwa karibu, wala mkono ulioweza kusaidia ulivyozuiwa kwa taabu. Mgeni mmoja alimwuliza Namkunda kile kiganja chake mashuhuri kimepatwa na nini hata kikae bure. Alimjibu bila kugeuza macho kutoka kwa mtoto aliyekuwa mbele yake:

"Hakikai bure. Kinangoja, na kungoja ndiyo kazi yake ngumu. Mwache ale. Tonge la kujitwalia halikabi."