Moyo wa Maganga Uliotoka Kutembea

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kifua, na ndani ya kifua pakawa patupu.

Haya, sogeeni motoni. Mwenye kusinzia asinzie tu, maana hadithi hii yenyewe ilitembea usingizini. Hapo kale, miti ilipokuwa bado ikiitikia salamu, palikuwa na mtu na mkewe, Maganga na Nyamizi. Walikuwa na binti mmoja, Manyunyu. Walimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mvua ikidondoka ile ndogo ndogo, isiyomlowesha hata kuku. Akacheza, akaimba, akaugua homa, akafa. Ndivyo ilivyo, wanangu. Si kila hadithi humwacha mtoto akue.

Matanga yalipoondolewa, Maganga akawa hali, hanywi, hasemi. Nyamizi akawaza kwamba jina ndilo linalomuumiza. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wasilitaje tena. Majirani wakakubali kwa huruma. Na kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa la mvua, mvua nayo ikatafutiwa majina mengine. Wakasema maji membamba yanashuka. Wakasema mbingu inachuja. Wakasema juu kunapepetwa. Hakuna aliyesema manyunyu.

Mchana mmoja Nyamizi akaweka sikio kifuani mwa mumewe. Kimya, kama mtungi mtupu. Moyo ulikuwa umeondoka, na mtu asiye na moyo, mnajua wenyewe, hamalizi mwezi. Nyamizi alimpenda mume huyu, na hakuwa na mwingine wa kuzika. Akajilaza kando yake, akafumba macho, akaufuata moyo kwa njia ambayo mioyo hupita, njia ya usingizi.

Huko ardhi ilikuwa laini kama unga, na jua lilikuwa chini, mtu analikanyaga bila kuungua. Akatembea, akatembea, akatembea, akakutana na Mgomba.

"Mgomba, Mgomba, umeuona moyo wa mume wangu?"

Mgomba ukajibu kwamba huo haujauona, lakini wenyewe unao moyo wake, uko katikati ya shina, mweupe, umejaa maji. Ukammegea kipande. Nyamizi akarudi, akakitia kifuani mwa Maganga. Maganga akapoa. Akalala anatabasamu, inzi akatua puani pake, asimfukuze. Nyamizi akaona huyu sasa ni wa kupandwa, si wa kuishi naye. Akakitoa.

Akafumba macho tena. Akatembea, akatembea, akatembea, akakutana na Nyegere.

"Nyegere, Nyegere, umeuona moyo wa mume wangu?"

Nyegere akasema huo hajauona, ila moyo anao hadi wa kugawa. Huingiza kichwa mzingani nyuki wakiwemo, na simba akimwona humpisha njia. Akampa kidogo. Maganga alipotiwa huo akaruka, akashika rungu. Akagombana na jogoo, akagombana na mlango, akaenda kumkemea mtemi eti kivuli chake kimekanyaga mtama. Nyamizi akamkimbilia, akautoa kabla mtemi hajamaliza kushangaa.

Akafumba macho mara ya tatu. Akatembea, akatembea, akatembea, akakutana na Kasuku.

"Kasuku, Kasuku, umeuona moyo wa mume wangu?"

Kasuku hakuuona. Ila yeye, alisema, kila kitu anacho kwa moyo: salamu, nyimbo, mafumbo na majibu yake. Akachomoa unyoya, akampa. Nyamizi akautia kifuani mwa Maganga. Maganga akaketi vizuri, akamgeukia mkewe, akamsalimu kama watu wazima wanavyosalimiana.

"Habari za tangu asubuhi, mke wangu? Watoto hawajambo?"

Nyamizi akakaa kitako chini. Salamu hiyo aliijua tangu utoto, na jibu lake alilijua, lakini halikutoka. Akautoa unyoya, akamlaza mumewe.

Safari hii hakufumba macho. Macho yalijifumba. Akajikuta kando ya kijito mahali ambapo mvua ilikuwa imesimama hewani, tone kwa tone, haishuki. Juu ya jiwe uliketi moyo wa Maganga, mdogo kuliko alivyodhani, umejikunyata kama kifaranga.

Akauita moyo. Kimya. Akauita mtima, kama wazee wanavyouita. Kimya. Akauita fuadi, kama waimbaji wanavyouita, kisha akauita roho, kama sisi sote tunapobembeleza. Kila jina lilikuwa lake, na kila lilipotajwa uligeuka kidogo, kisha ukarudi kutazama maji.

Mwishowe ukasema, "Majina yangu ni mengi, Nyamizi, na yote nayajua. Sikuondoka kwa kukosa kuitwa. Nilibeba jina moja, nalo pale kwenu sina pa kulitua. Nimekuja kulibembeleza huku peke yangu."

Nyamizi akajitetea kwamba alifanya kwa mapenzi. Moyo ukasema unajua.

"Lakini kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia," ukamwambia. "Nawe ni mfiwa. Anza."

Nyamizi akaogopa. Tangu siku ya mazishi hakuwa amelia, na kulificha jina kwa ajili ya mumewe ndiko kulikomkinga na yeye asilie. Alidhani akilitamka atapasuka. Akafungua kinywa, jina halikuja. Akafungua tena, ikatoka pumzi tu. Akafungua mara ya tatu.

"Manyunyu," akasema. "Manyunyu, mwanangu."

Matone yote yaliyosimama hewani yakashuka kwa pamoja.

Alipoamka, Maganga alikuwa ameketi mkekani, uso umelowa, na paa la nyumba lilikuwa zima. Nyamizi akaweka sikio kifuani mwake. Ulikuwamo, unadunda kama mtu anayetwanga.

Kisha Maganga akasema, "Manyunyu alikuwa akimwogopa yule bata wetu."

"Akimwamkia," Nyamizi akasema. "Kila asubuhi. Shikamoo mjomba."

Wakacheka. Wakalia. Wakacheka tena, na Maganga akaomba uji.

Basi, wanangu, mfiwa msimfichie jina la mtu wake. Hamumpunguzii mzigo, mnamnyima tu pa kuutua. Mimi nilipita pale uji ukiwa jikoni, wakanikaribisha, nikaunguza ulimi, ndiyo maana nasema polepole hadi leo. Asiyeamini akamuulize bata, ila amwamkie kwanza. Nimeikuta njiani, nimeiacha kwenu, na moto uzimwe.