Tofali Lisilong'aa

Nimetumiwa hii asubuhi, nikaisoma mara tatu. Nimeona nisiile peke yangu.

Palikuwa na mji wa wafinyanzi uliosahau rangi ya anga. Matanuri yalifuka kutwa, na watu walitembea ndani ya moshi taratibu, kama wanaota. Binti wa mfalme, Mwanashumu, alikuwa na miaka sita na alikohoa tangu azaliwe. Mfalme alimpenda kuliko kiti chake cha enzi.

Mfinyanzi mmoja, Bi Nyamvula, alifinyanga tofali lenye vitundu vingi, akalilowesha kwenye maji ya shaba, akalianika kivulini siku saba, kisha akalichoma kwa moto mdogo. Alipoliweka kwenye dohani ya tanuri lake, moshi uliingia mweusi, ikatoka hewa safi.

Mfalme akaja mbio. "Nataka matofali kama hili kwa kila tanuri, kesho! Shaba iwe mara tatu, na moto uwe mkali!"

"Mfalme wangu, kazi hii haitaki haraka."

"Mwanangu anakufa, mama!"

Akatii, angefanyaje? Matofali yakatoka yanang'aa, watu wakapiga vigelegele. Moshi ukapita humo na kutoka mweusi vilevile.

Bi Nyamvula akavunja moja. Ndani mlikuwa na madonge ya shaba, makubwa kama njegere. Akavunja na lile lake la kwanza. Hamkuonekana kitu.

"Shaba yako iko wapi?" mfalme akauliza.

"Imo. Punje zake ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Kila moja imekaa kwenye kitundu chake, inaugusa moshi na kuusafisha. Zako zilikimbiliana kwa ukali wa moto, zikagandana. Zilizo katikati ya donge hazitaugusa moshi kamwe."

Wakaanza upya. Siku saba za kivulini mfalme hakulala vizuri. Siku ya kuchoma alikaa mwenyewe mbele ya tanuri, na kikohozi cha mtoto kilisikika hadi pale. Akaokota ukuni ili aongeze moto. Akaushika kwa muda mrefu, akalia, akaurudisha chini.

Matofali yakatoka ya kijivu, hayana hata mvuto. Yakawekwa kwenye dohani zote.

Kesho yake Mwanashumu alitoka nje, akatazama juu, akamshika baba yake mguu kwa woga.

"Baba, kile cha buluu ni nini?"

Mfalme akambeba juu, ili akione vizuri.

Funzo: Hofu ikikuambia uongeze moto, jiulize kwanza kama unayempenda anahitaji subira yako.